Jina la tatu: kuchimbua jina la ukoo lililo adimu, kutoka Moshi hadi Meru

Anayeitwa Massawe, Mushi, Lyimo au Kimaro mjini Moshi haulizwi jina lake limetoka wapi. Ndivyo ilivyo kwa Laizer na Mollel pale Arusha, na kwa Kaaya, Pallangyo au Nnko ukipanda Meru. Maswali huanza pale jina la tatu linapokosa wenzake. Shule nzima hakuna mwingine, usharikani ni familia moja, na ukilitafuta mtandaoni wanatokea watu wachache ambao karibu wote ni ndugu.

Mwenye jina kama hilo kwa kawaida huanza na swali la maana. Naliheshimu swali hilo kwa sababu linatoka moyoni, lakini likitangulia huharibu kazi. Kabla ya kuuliza jina lina maana gani, jua kwanza ni jina la nani: la ukoo mzima, la babu mmoja, la mtakatifu aliyeangukia siku ya ubatizo, au la ukoo mkubwa unaoujua tayari ila karani aliuandika kwa masikio yake. Upande huu wa nchi, majina mengi yanayoonekana adimu si ya koo adimu. Ni jina la mtu mmoja lililogandia kwenye cheti, na chini yake umelala ukoo wenye watu wengi.

Jina la ukoo au jina la babu?

Sehemu kubwa ya Tanzania jina la tatu ni la babu, kwa hiyo hubadilika kila kizazi. Wachagga, Wameru, Wapare na Waarusha walizoea kuweka jina la ukoo mahali hapo, nalo hukaa palepale vizazi na vizazi. Shida ilianzia dirishani. Fomu inasema "jina la ukoo", karani anauliza "babu yako anaitwa nani?", na mtoto wa darasa la kwanza anajibu alivyoulizwa. Kaka yake aliyeandikishwa miaka mitatu kabla, na mwalimu mwingine, ana jina la ukoo. Ndugu wa tumbo moja wanamaliza shule na majina mawili ya mwisho, na kila mmoja anarithisha la kwake.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha karatasi. Kusanya vyeti vya ndugu wa baba na vya ndugu wa babu: ubatizo, kipaimara, ndoa, kumaliza darasa la saba, hata kadi za zamani za chama cha ushirika cha kahawa. Soma jina la mwisho tu. Likiwa lilelile kwa ndugu wote wa babu, huenda ni ukoo kweli, au liligandia kabla ya hapo. Likiwa ni la baba yako na watoto wake tu, huku baba wadogo wana jingine, umeshapata jibu: lililo adimu ni jina la babu, na ukoo wako ni ule walio nao baba wadogo.

Kipimo cha pili kinatokana na desturi ya kuwaita watoto. Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Jina la mtu kwa hiyo hurudi: linaruka kizazi kimoja na kuibuka likiwa jina la kwanza la mjukuu. Jina la ukoo halirudi hivyo, na si kawaida kumkuta mtoto aliyepewa ukoo wake kuwa jina la kwanza. Ukiona jina lako adimu limewahi kuwa jina la kwanza la binamu, la babu mdogo, au la mtoto wa shangazi, lishuku sana kuwa lilikuwa jina la mtu.

Desturi hiyohiyo ina mtego wake. Ndugu wanne wakimwita kila mmoja mwanawe wa kwanza kwa jina la baba yao, mnapata binamu wanne wenye jina moja na ukoo mmoja, wamezaliwa ndani ya miaka kumi, na huenda wamezikwa kwenye vihamba, yaani mashamba ya urithi ya familia, vinavyopakana. Anayejenga mti wa ukoo kwa majina peke yake huwafanya wanne kuwa mmoja. Kila mwanamume mwandikie na jina la mama yake na la mkewe. Hapo hawachanganyiki tena.

Mfano wa jina la mtu kugeuka jina la nyumba nzima uko wazi kwenye historia yetu. Mangi Marealle alitawala Marangu mwishoni mwa karne ya 19. Mjukuu wake, Thomas Marealle, alisimikwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952, na kufikia hapo Marealle halikuwa tena jina la mtawala mmoja bali jina la mwisho la uzao wake. Vizazi viwili vilitosha. Kilichotokea kwa watawala kilitokea pia kwa mkulima wa kawaida ambaye babu yake alijulikana kijijini kuliko ukoo wake.

Umbo la jina nalo linasema kitu. Majina yanayoanza na Nde- huku kwetu ni ya watu: Ndesanjo Macha, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa uandishi wa blogu kwa Kiswahili, anabeba Ndesanjo mbele na Macha, jina la ukoo, nyuma. Ukikuta jina lenye sura hiyo limesimama mwisho, kama lilivyosimama kwa marehemu Philemon Ndesamburo aliyekuwa mbunge wa Moshi Mjini, anza na dhana kwamba lilikuwa jina la mzee fulani. Ni dhana tu, mpaka wazee na karatasi wakubali.

Masikio ya karani

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893, na mwaka huohuo mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho, baada ya kuwa tayari Kilema. Majina ya Kichagga yalianza kuingia vitabuni mikononi mwa watu waliosikia kwa masikio ya Kijerumani na Kifaransa. Ramani za wakati ule zinaonyesha waziwazi walivyoandika: Moschi, Aruscha, Madschame, Kiboscho, na kabila zima Dschagga. Jina lako lilipita mlango huohuo.

Kwa hiyo kabla hujaenda kumsumbua katekista, kaa na karatasi uandike sura zote ambazo jina lako lingeweza kuvaa. Penye sh andika sch. Penye ch andika tsch, penye j andika dsch, penye y andika j, penye v andika w. Sauti ya z Mjerumani huiandika s, na z yake yeye husomeka ts. Ndiyo maana ukoo tunaouandika leo Laizer utaukuta vitabuni ukiwa Laiser, na ni haohao.

Baada ya Vita ya Kwanza alikuja Mwingereza na shule zake, na herufi zikaanza kuongezwa. S ikawa mbili (Massawe na Masawe), l ikawa mbili (Mallya na Malya), i ya mwisho ikawa y (Mmari na Mmary), k ikawa ck (Msaki na Msacky). Haya hayana maana yoyote ya kiukoo. Familia moja inaweza kuwa na Mmari aliyebatizwa miaka ya 1930 na Mmary aliyeandikishwa sekondari miaka ya 1970, baba na mwana.

Kinachotesa zaidi ni mwanzo wa jina. Majina kama Mmari, Nnko na Nkya huanza na sauti ya puani inayobeba silabi yake peke yake. Karani asiyeijua lugha huisikia mara moja badala ya mbili, au huiongezea irabu, au huiacha kabisa. Kwenye kitabu kilichopangwa kwa alfabeti kosa hilo humhamisha mtu kurasa arobaini mbele. Ukishindwa kumpata babu chini ya herufi yake, jaribu herufi ya pili ya jina kana kwamba ndiyo ya kwanza. H nayo huja na kuondoka: mangi maarufu wa Keni, Rombo, wengine walimwandika Horombo na wengine Orombo, na leo kituo cha kulala wapanda mlima kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, kina ile H. Kituo cha chini yake, Mandara, kinatukumbusha jambo jingine: Mandara ni jina ambalo wageni walimwita Mangi Rindi wa Moshi. Mtu mmoja, majina mawili, na yote mawili yako vitabuni.

Onyo moja dhidi ya bidii iliyozidi. Kufanana si udugu. Kimaro na Kimario usiyaunganishe kwa sababu tu yamepishana herufi moja. Waulize wenyewe wanatambuana au la, na kama wanaoana. Njau ipo Kilimanjaro na ipo kwa Wakikuyu, Limo ya Wakalenjin inasikika kama Lyimo ya Marangu. Mfanano wa sauti kati ya lugha zenye silabi fupifupi hutokea bure kabisa.

Ukiwa na M mbele, au Ole

Upande wa Upare jaribu kuondoa M- na kuweka Wa-. Jina likitoa kundi la watu wanaojulikana, umefika kwenye ukoo. Mshana ni mmoja wa Washana, wafua chuma waliotawala Ugweno zamani. Msuya ni mmoja wa Wasuya, ambao ndio waliowaondoa Washana madarakani. Hapa historia ya utawala wa milimani imo ndani ya majina mawili yanayokaa dawati moja katika shule yoyote ya Moshi. Anayetafuta maana ya Mshana kwenye kamusi atatoka mikono mitupu. Maana yake iko kwenye kazi ya ukoo, yaani tanuri na nyundo.

Kwa Waarusha na Wamaasai mpango ni mwingine. Laizer, Mollel na Lukumay ni koo za Kimaasai: Ilaiser, Ilmolelian, Ilukumai. Wale il- na ol- wa mwanzo ni viambishi vya lugha, na herufi l wakati mwingine imebaki imegandia kwenye jina. Watu wa koo hizo wametapakaa kote Umaasaini, Kenya na Tanzania, kwa hiyo Laizer wa Ilboru na Laizer wa Longido wanaweza wasiwe na babu wa karibu kabisa. Ndani ya Ilaiser kuna tawi la Inkidongi, walikotoka maloiboni wakuu, yaani viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Jina la tawi ndilo linaloweza kuwa adimu kwenye kitambulisho, huku ukoo wenyewe ni bahari.

Ole ni "mwana wa". Kinachofuata ni jina la baba au la mzee wa familia, mara nyingi si ukoo. Wengine huandika Ole mbali na jina, wengine huunganisha kuwa neno moja, wengine wameshaidondosha. Jina moja linaweza kujificha sehemu tatu kwenye daftari: kwenye O, kwenye herufi ya jina lenyewe, na kwenye L kama kiambishi kimegandia. Tafuta kote. Na ukumbuke Waarusha wa mlima Meru walitokea Arusha Chini, kusini ya Moshi, katika karne ya 19. Wazee wa familia za Arusha wakitaja chanzo kilicho tambarare kusini ya Kilimanjaro wanasema jambo lenye msingi.

Wameru nao lugha yao ni jirani sana ya Kimachame, na simulizi zao nyingi huanzia Machame. Jina la Meru lisiloeleweka Poli wala Akheri, lipeleke Machame ukaulize.

Mtakatifu wa siku na jina la Kilutheri

Majina ya mwisho kama Epimaki, Pantaleo, Kalisti, Apolinari na Polikarpi humshangaza mtu wa mikoa mingine. Haya ni majina ya ubatizo ya babu Wakatoliki, hasa Rombo, Kibosho, Uru na Kilema, yaliyopanda hadi nafasi ya tatu. Uzuri wake ni kwamba yanaweza kukupa tarehe. Paroko mara nyingi alifungua kalenda na kumpa mtoto mtakatifu wa siku ile au ya jirani. Epimaki huadhimishwa tarehe 10 Mei, Apolinari kwa kalenda ya zamani tarehe 23 Julai, Pantaleo 27 Julai, Kalisti 14 Oktoba, siku ambayo kwetu sasa ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Babu asiyejulikana siku aliyozaliwa lakini anaitwa Kalisti, anza kusoma kitabu cha ubatizo kuanzia Oktoba.

Tumia kalenda ya wakati wake. Kalenda ya Kirumi ilibadilishwa mwaka 1969 na baadhi ya watakatifu wakahamishwa: Polikarpi wa babu ni tarehe 26 Januari, Polikarpi wa sasa ni 23 Februari. Kosa hili humpeleka mtu mwezi usio wake. Tena si kila jina lilitoka kwenye kalenda; mengine yalitoka kwa msimamizi wa ubatizo, kwa hiyo soma pia safu ya wasimamizi. Na kwa kuwa vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, Aloyce ni Aloysius, Ludoviki ni Ludovicus, na miisho hubadilika kwa kanuni za lugha ile.

Upande wa Kilutheri kulizaliwa majina ya aina yake, mazuri kwelikweli: Eli, yaani Mungu kwa Kiebrania, ikiunganishwa na neno la Kichagga. Kunda ni kupenda. Ndiyo Elikunda na Kundaeli. Jina la namna hii likikaa mwisho limekwambia mambo mawili kwa mara moja: ni jina la mtu, na mtu huyo alibatizwa baada ya 1893, kwa Walutheri. Hakuna haja ya kutafuta chanzo chake karne ya 17.

Nani aulizwe, na kwa namna gani

Watu hukimbilia babu. Mimi naanza na shangazi wa baba na bibi aliyeolewa nyumbani hapo. Shangazi alizaliwa ndani ya ukoo na alifundishwa mapema asiolewe na nani, kwa maana watu wa ukoo mmoja hawaoani. Bibi aliulizwa ukoo siku ya posa, na upande wake ukauliza ukoo wa mume. Jina lililotajwa siku ile ndilo jina la kweli, hata kama halijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Swali basi ni jepesi: "Shikamoo bibi. Walipokuja kukuposa, walisema wao ni ukoo gani?" Halafu nyamaza usikilize.

Usimpe jibu ndani ya swali. Ukimwambia mzee, "Babu, eti sisi tulitoka Ethiopia?" atakubali kwa upole, na kesho utaandika kwamba wazee wamethibitisha. Muulize alikozikwa babu yake, nani alimpa baba yake kihamba, kihamba kile kilikuwa cha nani kabla, na ni akina nani wanaoalikwa ukoo ukichinja. Waalikwa wa kuchinja ndio ukoo. Rekodi kwa simu ukipewa ruhusa, na majina ya Kichagga yarudie polepole mpaka mzee aseme ndiyo, kwa sababu utayaandika vibaya mara ya kwanza.

Wakati mzuri ni Desemba, kati ya tarehe 20 na mwaka mpya, mlima unapojaa watu waliorudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Ubaya wake ni kwamba kila mtu ana shughuli na mbege imeshaiva. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne.

Tembea pia kihambani. Makaburi ya saruji yana majina kamili na miaka, na tahajia ya jiwe ni ile waliyokubaliana watoto wote siku ya mazishi, jambo lenye uzito. Mipaka ya masale, ile mimea inayopandwa mpakani, itakuonyesha ndugu waliogawana. Angalia nani hayupo: kwa desturi mtoto wa kwanza na kitindamimba walikuwa na nafasi kubwa kwenye kihamba, na wa katikati wengi walishuka tambarare au kuhamia mikoa ya mbali. Huko alikokwenda peke yake, jina ambalo Kilimanjaro lina mamia ya watu likawa jina la familia moja. Adimu nyingi za Morogoro na Mbeya zilianzia hapo.

Kitabuni

Kwenye parokia au usharika usiingie siku ya Jumapili ukategemea kuhudumiwa. Piga simu au mtumie katekista, mwinjilisti au karani ujumbe, sema unatafuta nani, miaka gani, kijiji gani. Nenda na orodha yako ya tahajia, na ukubali kwamba wewe utasomewa. Vitabu vile vina siri za watu wengine na havikabidhiwi ovyo. Omba usomewe mistari mitano kabla na mitano baada ya ule wa babu, kwa sababu ndugu na majirani walibatizwa pamoja. Kwa Wakatoliki, ndoa huandikwa pia pembeni ya mstari wa ubatizo, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa mke na parokia yake.

Kigango cha leo huenda hakikuwepo miaka ya 1920. Ulizia misheni mama, kwa kuwa kitabu cha kwanza kilibaki kule.

Nyaraka za misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, kwenye taasisi ya Francke, na picha zake nyingi za Kilimanjaro zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California. Maelezo ya picha wakati mwingine yana majina ya watu na vijiji. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi hapa kati ya 1902 na 1938 pamoja na vipindi vya kukatizwa, aliandika mno kuhusu koo na sheria za Wachagga, kwa Kijerumani. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa, zenye faili za Kijerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Vitabu vile vinahusu zaidi watawala na mashamba. Usitegemee kumkuta babu asiyekuwa mangi wala mchili, yaani msaidizi wa mangi mtaani.

Sasa maana

Ukishajua jina ni la nani na linatamkwaje hasa, uliza maana, na uulize kwa lugha ya mahali husika. Kichagga si kimoja. Kimachame, Kimochi, Kivunjo na Kirombo vinapishana maneno ya kila siku. Hata Mungu, ambaye kwa wengi ni Ruwa, upande wa Machame huandikwa Iruva, na neno hilohilo ni jua. Jina lililotoka Mkuu, kule Rombo, likitafsiriwa na mzee wa Masama litapata maana nzuri isiyo yake.

Jina la mtu lina maana mara nyingi: hali ya kuzaliwa, njaa, safari, ugomvi uliokuwepo, shukrani. Jina la ukoo mara nyingi limepoteza maana ya kamusi na limebaki na simulizi ya mwanzilishi, mahali au kazi. Simulizi hiyo iandike kama ilivyosemwa, na jina la aliyesema, mahali na tarehe. Zikiwa mbili zinazopingana, andika zote mbili. Ninachokipinga kwa nguvu ni maana ya kufananisha: kusema Mushi ni moshi wa jikoni, Mosha ni Musa wa Biblia. Zinasambaa haraka kwenye makundi ya simu ya ukoo, na baada ya miaka mitano watoto wanazisoma kama historia.

Ni wangapi?

Hakuna orodha rasmi ya majina ya ukoo ya Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,861,934 mkoa wa Kilimanjaro na 2,356,255 Arusha, lakini haitoi hesabu kwa jina, na tangu 1967 sensa zetu hazijauliza kabila. Tovuti zinazokwambia jina fulani lina watu 412 duniani zinakadiria kutoka kwenye orodha walizozipata, na zinahesabu kila tahajia kama jina jipya. Mallya na Malya hapo ni koo mbili. Tarakimu hizo zichukue kama dalili ya mahali jina lilipo, usizichukue kama idadi.

Hesabu yako mwenyewe ni bora. Chagua eneo moja, tuseme kata tatu zinazopakana, ukapitie orodha za jumuiya au mitaa ya usharika, mawe ya makaburi, na daftari la wapiga kura linapowekwa wazi ubaoni kwa uhakiki. Hesabu nyumba, si watu, maana nyumba moja yenye watoto tisa hudanganya. Nyumba chini ya kumi, zote zikimtaja babu mmoja ndani ya vizazi vinne, hilo ni jina la mtu lililogandia. Nyumba chache zilizosambaa kata zote tatu, zisizojua babu wa pamoja lakini hazioani, huo ni ukoo mdogo wa kweli. Huo ndio nadra, na unastahili kuandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko yote.

Karatasi zisipolingana

Ukigundua jina sahihi, usilibadilishe kwenye kitambulisho kwa furaha ya siku moja. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, NIDA, benki na hati ya shamba vyote vinapaswa kusema kitu kimoja, na vikipishana utasumbuliwa kwenye mirathi na pensheni. Kupishana kwa herufi kunaweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya wakili kwamba Mmari na Mmary ni mtu mmoja. Kubadili jina kabisa kunahitaji hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na baada ya hapo unazunguka ofisi moja moja na nakala mkononi. Wengi hubaki na jina la babu kwenye karatasi na kuwapa watoto jina la ukoo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Wakifanya hivyo, cheti cha zamani cha babu chenye tahajia ya ajabu kiwekwe kwenye bahasha ngumu, nakala yake ipigwe picha, na nyuma ya nakala iandikwe kwa penseli nani ni nani na jina lilisomekaje kabla.